Mkono Namba Saba

Kijiwe chetu kiko Uyole, mkabala na ukuta wa kiwanda kipya cha maharage, na benchi lake nimeliunda mimi kwa mbao za makreti yaliyoleta mashine za kiwanda hichohicho. Sikuiba. Niliomba, nikapewa, mlinzi ni shahidi. Jina langu Rabson, ila watu wananiita Spana kwa sababu natengeneza baiskeli na maguta ya mizigo hapo hapo kando ya benchi. Wengine wanasema ni kwa sababu nikikasirika nairusha. Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa ya Julai. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini ya matairi ya malori, na ule ukuta wa ng'ambo tulikuwa tunausikia kuliko kuuona. Saa moja kamili king'ora kililia kuita zamu. Kinalia kila siku, na kila siku hakuna anayeingia. Geti halifunguki, taa haziwaki, madirisha meusi tii. Lakini king'ora kikinyamaza tu, unasikia ndani maharage yanachambuliwa, chwa, chwa, chwa, kama vile wanawake thelathini wamekaa kwenye jamvi gizani.

— Wameanza, alisema Sera.

Huyu jina lake Sosthenes, bwana shamba mstaafu. Tunamwita Sera kwa sababu hata ukimuuliza bei ya nyanya ataanza na sera ya taifa.

— Nani wameanza? nikamuuliza. Sema nani. Umeona mtu?

— Fundi, asubuhi yote hii umeshakasirika?

— Nimekasirika tangu mwaka jana.

Veneranda alicheka, akamimina kahawa. Yeye ndiye mwenye birika na jiko la mkaa, na bila yeye sisi ni watu wanne tu wanaopigwa na baridi. Kabla ya kahawa alikuwa mchambuaji. Pale penye geti la kiwanda sasa palikuwa na banda la mabati, na chini yake wanawake thelathini na wawili walichambua maharage ya wafanyabiashara, mabovu huku, mazima kule, mtoto mgongoni, hadithi mdomoni. Mkono wa Veneranda ulikuwa hauonekani kwa kasi.

— Dada Vene, hebu tuambie, alisema Philbert. Ni kweli wamekuita?

Philbert ni dereva wa lori. Akitoka Tunduma hulala Uyole, akiamka hunywa vikombe vitatu ndipo anaingia barabarani kuelekea Makambako.

— Wameniita, alisema Veneranda. Jana jioni, kwa simu. Nifike leo saa mbili na nusu. Nivae zile glavu siku moja tu. Wanasema mashine moja ina kasoro, inatakiwa ifundishwe upya. Nikimaliza wananipa ajira ya kudumu. Ya usafi, lakini ya kudumu. Na bima.

Bima kwa Veneranda si neno dogo. Ana binti pale nyumbani, mtaa wa Soweto, anayeumwa kifua kila baridi ikiingia, na baridi ya kwetu haibishi hodi.

Lazima nieleze hizo glavu, kwa sababu nina lawama yangu ndani yake na sipendi kuificha. Mwaka jana, kuta zilipokuwa bado hazijapakwa rangi, watu wa kiwanda walikuja bandani. Walisema ajira mia nne zinakuja, wachambuaji ndio wa kwanza. Ila kwanza wanataka kujua kazi inafanywaje. Wakawavalisha wanawake wote glavu nyembamba zenye nyaya, kila mmoja na namba yake, wakachambua wiki mbili wakiwa nazo. Baadhi waliogopa. Walikuja hapa kuniuliza mimi, fundi, eti hizo nyaya zina madhara gani. Nikawaambia: nendeni, mkono haupungui kwa kuonyesha kazi. Nilisema kwa sauti kubwa, nikamalizia na kicheko. Wakaenda. Baada ya miezi minne banda likang'olewa, na walioajiriwa ni walinzi kumi na wawili.

— Mimi nasema aende, alisema Philbert. Ajira ni ajira.

— Na mimi nasema mjiulize kwanza sera, alisema Sera.

— Haya, imeanza.

— Acha nimalize! Nchi yenye watu wengi kama sisi inatakiwa ianze na viwanda vya mikono mingi. Nguo, viatu, ngozi, maharage. Mtaji tulionao ni mikono. Kila nchi iliyopanda, ilipanda hivyo. Watu kwanza, mashine baadaye, watu wakishakuwa ghali. Sisi tumeanzia kileleni.

— Kwa nini? nikamuuliza. Usinizungushe. Kwa nini?

— Kwa sababu mashine ikishuka bandarini inasamehewa kodi. Ni kivutio cha uwekezaji. Veneranda hajasamehewa kitu tangu azaliwe.

— Sasa hilo nimelielewa, nikasema. Ungeanzia hapo.

— Mimi nina lingine, alisema Philbert. Benki. Mwenye kiwanda akienda kukopa, mashine anaweza kuiweka dhamana. Dada Vene atamwekaje? Amfunge mnyororo mlangoni kwa meneja?

— Gwe Philbert! Veneranda akampiga na kitambaa cha birika.

— Nasema ukweli, dada. Mashine haina msiba, haina kliniki, haiendi kuzika Kyela ikarudi baada ya wiki. Lakini nyie mmekaa hapa hamjasafiri. Mimi nimepita huko mbele, sitaji nchi. Kuna kiwanda cha mbao, mashine yake inachechemea. Msumeno unaenda sawa, halafu unadondoka upande, unaenda sawa, unadondoka. Mafundi wamebadilisha kila kitu. Wapi! Wazee wa pale wakaniambia aliyeifundisha alikuwa na mguu mmoja mfupi.

— Fiksi, nikasema.

— Haya, ni fiksi. Na hii? Tajiri wangu amefunga kamera kwenye lori. Inatazama barabara na inanitazama mimi. Nikipiga miayo inaandika. Nikikanyaga breki inaandika. Sasa mimi nikifika Chimala huwa napiga honi mara mbili.

— Kwa nini Chimala?

— Kuna mtu anauza mchele pale.

— Mke wako anamjua huyo mtu?

— Tusitoke kwenye mada. Nachosema ni hiki. Siku moja lori litapita hapa halina mtu ndani. Likifika Chimala litapunguza mwendo, litapiga honi mara mbili. Na yule mama atatoka mbio kuangalia, ataona kiti kitupu. Mimi nitakuwa nimelala nyumbani, au nimeshazikwa, na bado nachepuka.

Tulicheka sana. Halafu kicheko kikaisha kwa pamoja, kama kimezimwa. Ng'ambo ile chwa, chwa, chwa haikusimama hata mara moja.

Mtu wa nne hapo benchini hakucheka. Ni Limbu, Msukuma, kwao Usangu, wazazi wake walishuka na ng'ombe miaka mingi iliyopita. Anabeba magunia kwa guta, na guta lake nalitengeneza mimi. Mgongoni alikuwa amembeba mwanawe Marta kwa khanga, kama anavyombeba mama. Miezi ya mwanzo watu walimcheka, mwanaume na mbeleko. Nikarusha spana mara moja tu, wakaacha. Mkewe Minza alifariki Machi. Homa, siku tatu, kwisha. Naye alikuwa mchambuaji, jirani wa Veneranda kwenye jamvi.

Limbu haongei sana. Ila kila asubuhi, kabla ya kuja benchini, huenda kusimama upande wa nyuma wa kiwanda, penye tundu za hewa, akasimama tu. Tulidhani anasubiri mzigo.

— Tuseme ukweli, alisema Sera, sasa ameshusha sauti. Taarifa niliiona kwa macho yangu ofisi ya kata, imebandikwa ukutani. Ajira zilizozalishwa: mia nne na kumi na mbili. Kumi na mbili ni walinzi. Mia nne ni nani?

— Uongo wa ofisini, nikasema.

— Ndivyo nilivyodhani. Lakini jiulizeni, king'ora cha nini? Mashine ina masikio? Inaitwa kazini ya nini? Na taa haziwaki. Mimi nafikiri hawakudanganya. Wamehesabu kweli. Wamechukua kitu kutoka kwa kila mwanamke aliyevaa zile glavu, wakakigawa, kikawa vingi, na hicho kinaitwa kazini saa moja, kinaingia bila kufungua geti. Sisi tunaona hakuna ajira kwa sababu tunatazama miili.

— Sera, we mzee umesomea kilimo!

— Nimesomea mbegu, Fundi. Unachukua punje moja, unapata shamba.

Nikachukua pampu nikajaza tairi lililokuwa limejaa.

— Mimi hiyo kasoro nimeisikia, alisema Philbert. Sitanii sasa. Juzi niliegesha lori pale nyuma. Nasikia chwa chwa nyingi, halafu moja inaacha. Kimya kidogo. Halafu: to, to, to. Polepole. Kama mtu anambembeleza mtoto. Halafu inaendelea kuchambua. Niliondoa lori sijafunga hata mlango.

Hapo Limbu akaongea.

— Ni Minza.

Philbert akaweka kikombe chini.

— Namba saba, alisema Limbu. Ukisimama kwenye tundu la tatu unaiona kidogo. Ni mkono tu, wa chuma, umesimama kwenye nguzo. Unachambua kwa vidole vitatu, kidole kidogo kimenyooka pembeni. Ndivyo alivyokuwa. Halafu unaacha, unaenda nyuma, unapiga ile nguzo. Mara tatu. Alikuwa anampigapiga huyu, alale. Alikuwa anasumbua sana wakati ule, meno.

Alisema "huyu" akiinua bega kidogo, na Marta mgongoni akageuza shavu.

— Nilisikia Aprili, akaendelea. Nilikuwa nashusha magunia. Tangu hapo naenda kila asubuhi. Siyo kwamba nafikiri yumo. Najua nilipomzika. Naenda tu.

Nilimtazama Veneranda. Birika lilikuwa limeinama mkononi mwake na kahawa inamwagika kwenye majivu, fuu, na yeye haoni.

— Alikaa kushoto kwangu, alisema. Alivaa namba saba, mimi nane. Mimi mwanangu wa mwisho, Saulo, alikuwa ameshakua, nilichambua mgongo mtupu. Baba Marta, kumbe kasoro ndiyo hiyo? Ndiyo wananiitia hiyo?

— Sijui, mama.

— Wanataka nimfute.

— Unamfuta nani? alisema Philbert. Dada, hiyo ni mashine tu. Binti yako ni mtu.

— Na wewe sasa hivi ulikuwa unasimulia nini? Veneranda akamjibu. Unamhesabu Minza ni nini?

— Namhesabu amekufa! Sote tulikuwepo!

— Philbert, nikasema, na spana nilikuwa nimeishika.

— Rusha! Rusha, Fundi! Wewe si ndiye uliyewaambia waende?

Sikurusha. Alisema kweli. Niliiweka chini taratibu na nikakaa.

Ndipo geti likafunguka. Tulisikia chuma kikiburuzwa kwenye ukungu, halafu viatu, halafu akatokea binti wa miaka ishirini na kitu, ovaroli la bluu limemzidi, kofia mkononi.

— Kamwene, wazee wangu. Shikamooni. Mama Veneranda ni yupi?

— Ni mimi. Karibu kahawa.

— Asante mama, nikinywa nitachelewa. Naitwa Eveline, natoka Iringa. Mimi ndiye fundi wa mashine humo ndani.

— Mko wangapi? aliuliza Sera.

— Niko mimi. Nalala humohumo.

— Peke yako? Na hizo taa mbona huwashi?

— Zinawaka ndani ya mashine zenyewe, kila moja na kitaa chake chini ya kifuniko. Ukumbi ukiwa na mwanga zinakosea. Wiki ya kwanza nilitembea na tochi mdomoni. Eveline alisema akikaa kwenye ncha ya benchi, kama mtu ambaye hajakaa na watu siku nyingi. Wazee wangu, niwaulize kitu. Nimeuliza ofisini, nimeandika barua pepe kwa waliotengeneza, hakuna anayejua. Mashine namba saba, kila baada ya muda, inaacha maharage. Inapeleka mkono nyuma. Inagonga nguzo mara tatu, polepole, halafu inarudi kazini. Nimefungua kila kitu, sioni hitilafu. Nataka kujua jambo moja tu. Yule aliyeifundisha, alikuwa anafanya nini?

Swali jepesi. Mtoto wa darasa la kwanza angelijibu. Sera aliyewahi kutuhutubia saa tatu juu ya zao la pareto akatazama viatu vyake. Philbert akatazama lori. Mimi ninayejisifu kusema ukweli mbele ya yeyote nilifungua mdomo, baridi ikaingia, nikaufunga. Usingeweza kulijibu swali lile mbele ya Limbu, na usingeweza kumnyima yule binti.

Marta akaanza kulia. Kilio cha usingizi, kile cha kulalamika bila machozi. Limbu, macho yake kwenye ukuta wa kiwanda, akapeleka mkono nyuma. Akapiga. Mara tatu, polepole.

Eveline aliutazama ule mkono. Aliutazama muda mrefu, halafu akavaa kofia yake akaivua tena.

— Mama yake yuko wapi? aliuliza, na nadhani alikuwa anajua.

— Makaburini, alisema Limbu.

— Sikuambiwa. Nawaapia, sikuambiwa kwamba ni ya mtu. Nilipewa namba.

Akamgeukia Veneranda, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma:

— Agizo ni hili. Uchambue leo mpaka saa sita, bila kusimama. Mkono wako utaingizwa kwenye mashine zote thelathini na mbili, siyo namba saba peke yake. Wanataka zote ziwe sawa. Mimi nikibonyeza tu, zinapokea.

— Na wa zamani wote wanafutika, alisema Veneranda. Wale wenzangu wa bandani.

— Ndiyo, mama.

— Nisipokuja?

— Watamtafuta mwingine Jumatatu. Na ajira ataipata yeye.

Veneranda alifunika jiko kwa bati. Alinawa mikono kwa maji ya kindoo chake, kidole kwa kidole, kama walivyokuwa wakifanya bandani kabla ya kukaa. Akasimama mbele ya Limbu.

— Baba Marta, nipe mtoto.

— Wa nini?

— Nimbebe.

Akamgeukia Eveline:

— Binti yangu, mimi simfichi mtu. Sikiliza vizuri halafu uamue. Mimi nitavaa glavu zenu. Nitachambua mpaka mchoke, na sitakosea hata punje moja. Lakini bandani kwetu watu walichambua na watoto mgongoni, na ndivyo nitakavyochambua. Akilia, nitambembeleza. Kwenye hilo agizo lako kuna mahali pamekataza mtoto?

Eveline alitoa karatasi mfukoni, akaisoma mbele na nyuma.

— Hapana, alisema. Wameandika kofia na viatu tu.

— Basi twende.

Limbu alifungua fundo la khanga. Philbert akamsaidia. Wakamhamisha Marta mgongoni kwa Veneranda, akalala hapohapo shavu moja likiwa limebanwa. Wakavuka barabara. Ukungu ukawameza kabla geti halijafungwa.

Tulibaki wanaume wanne na birika. Philbert alitakiwa awe ameshaondoka, hakuondoka. Limbu alikaa wima mno, mgongo mwepesi, hajui aufanyie nini. Saa tatu ile chwa, chwa, chwa ikanyamaza, yote. Sijawahi kuusikia ukuta ule ukiwa kimya, na sikuupenda. Saa nne tulikunywa kikombe cha mwisho kwa zamu, kimajimaji na machicha. Sera hakutaja sera. Mvulana sijui wa nani alikuja na baiskeli imekatika mnyororo, nikamwambia kesho.

Saa sita ukungu ulikuwa umepanda, jua halijatoka, na sauti ikarudi. Lakini haikuwa ileile. Zamani zilikuwa chwa nyingi zinazopishana, kila mtu na mwendo wake, kama mvua ya rasharasha. Sasa ilikuwa moja. Kubwa. Mikono thelathini na miwili inashuka pamoja, inapanda pamoja.

— Ni Veneranda, nikasema. Ni kasi yake.

— Wamewafuta wote, alisema Sera.

Geti likafunguka, wakatoka. Veneranda mbele, Marta amelala mgongoni, Eveline nyuma yake hana kofia. Walivuka taratibu. Veneranda alitazama birika.

— Imekwisha?

— Imekwisha, nikasema. Wamekupa ajira?

— Wataona Jumatatu walichopata, halafu ndiyo wataniambia. Na huyu pia wataongea naye.

Eveline aliinua mabega. Akakaa benchini, karibu na katikati safari hii.

Veneranda aliinama, Limbu akampokea mtoto, akamfunga mgongoni kwake. Kule kuhamishwa kukamsumbua Marta. Akakunja uso, akaanza kile kilio chake cha usingizi. Limbu akainua mkono kuupeleka nyuma.

Ng'ambo sauti ikakatika.

Mkono wa Limbu ukabaki hewani. Nyuma ya ukuta, gizani kwao, wote thelathini na wawili, polepole, kwa pamoja, wakagonga: to. To. To. Benchi lilitetemeka chini yetu.

Kilio kikaisha. Marta hakuamka.